Kifua cha Nyumba

Juzi nilinunua trei ya mayai sokoni hapa Homa Bay, na mvua ikanikuta kabla sijafika kwangu. Mayai yalifika salama, ila trei ililowa chepechepe, na nilipoiweka mezani ikatoa harufu yake ile ya karatasi kuukuu na uji uliochacha. Binti yangu alibana pua akataka kuitupa. Nilimwambia aiache kidogo. Nilivuta kiti nikakaa, chai yangu ikapoa, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya chumba cha chini cha nyumba yetu ya Migori, msimu ule wa mvua ambao Baba aliamua kukivalisha chumba hicho koti.

Nyumba yetu ilikaa kwenye mteremko, upande ule wa mji ambako ukidondosha kiazi jikoni unaenda kukiokota kwa jirani. Ukiingia kwa mlango wa mbele ilikuwa nyumba ya kawaida kama nyingine. Ukizunguka nyuma na kushuka vidaraja saba vya udongo, unakuta mlango wa pili, chini kabisa ya sakafu ya sebule. Fundi aliyejenga alikuwa amechimba msingi akapitiliza, na Baba, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kosa ni kosa, akasema hilo si shimo, hicho ni chumba. Kuta zake tatu zilikuwa zimeegemea udongo wa mlima. Tuliweka humo viazi, baiskeli mbovu, na kuku aliyeatamia.

Baba alifundisha jiografia sekondari. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba hapakuwa na jambo dogo kwetu ambalo halikuelezwa kwa ramani. Mama alikuwa Mkuria wa Kehancha, binti wa mkulima wa tumbaku, na yeye alieleza mambo mara moja tu, kisha akaendelea na kazi yake. Kwa kuwa mmoja alikuwa Mjaluo na mwingine Mkuria, nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kidholuo changu kilikuwa cha kuokota okota: salamu, majina ya vyakula, na maneno mawili matatu ya kukemewa. Kumbukeni hilo pia, maana ndilo lililoniponza.

Msimu huo Dani aliletwa kutoka Sori akiwa na kifua. Dani ndivyo tulivyomwita nyanya yangu, mamake Baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni miaka na mikaka hadi akazoea kupewa nafasi popote anapopita. Sori kuna joto la kutosha kuchemsha mtu akiwa amesimama. Migori yetu, pamoja na mvua zake, kwa Dani ilikuwa Ulaya. Lakini daktari alikuwa Migori, na daktari alisema arudi kuchomwa sindano kila Jumatatu na Alhamisi mpaka amalize, na kwamba kifua kile hakikufaa kusafirishwa huku na huku.

Baba alikuwa na sababu yake ya kulishika neno la daktari kwa mikono miwili. Babake mwenyewe aliletwa mjini kwa kifua hichohicho kabla mimi sijazaliwa. Alichomwa sindano mbili, akajisikia nafuu, akasema anarudi kwake. Alirudi, na hakumaliza mwezi. Baba hakulitaja jambo hilo hata siku moja, ni Mama aliyeniambia. Basi nikajua kwa nini sauti yake ilipanda kila Dani alipotamka neno Sori.

Jioni aliyofika, Mama alikuwa ametandika kitanda changu kwa ajili ya mgeni. Dani alikunywa chai, akala samaki, akasafisha meno kwa kijiti, halafu akamgeukia Baba.

"Sasa mimi nalala wapi?"

"Hapa ndani, Mama. Kwa chumba ya mtoto."

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Basi umejijibu," akasema, na akaanza kutafuta kandambili zake.

Kwetu mzazi halali kwenye nyumba ya mwanawe. Ni mila ambayo wengi siku hizi wameinyamazia, hasa mjini ambako ploti ni ndogo na mvua ni nyingi, ila Dani hakuwa mtu wa kunyamazia kitu. Alikuwa tayari kwenda kulala kwa jirani muuza uji, mtu ambaye hakuwa hata amesalimiana naye. Hapo ndipo Baba alipokumbuka shimo letu.

"Iko chumba chini," akasema. "Iko na mlango yake. Haiungani na nyumba popote."

"Na paa?"

Baba alifikiri. Nilimwona akifikiri, kidole kikiwa kwenye nyusi. "Ukiwa mle ndani, ukiangalia juu, huoni paa. Unaona sakafu."

"Sakafu ya nani?"

"Sakafu ni kitu ya kukanyaga tu, Mama. Mila inasema paa. Haijataja sakafu."

Dani alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mteja aliyepunguza bei kwa maneno matamu. "Sawa," akasema mwishowe. "Nitajaribu. Lakini nikikufia kwa shimo ya viazi, utaenda kueleza watu ya Sori wewe mwenyewe."

Viazi vilihamishiwa chini ya kitanda changu, kuku akahamishiwa jikoni na mayai yake, akikasirika, na Dani akahamia.

Asubuhi nilimpelekea chai. Nilimkuta ameketi kitandani akiwa na sweta mbili, koti la Baba la kwendea kanisani, na taulo kichwani. Kiganja chake kilikuwa kimebandikwa ukutani.

"Kor ot ng'ich," akasema, akitikisa kichwa. "Ng'ich ahinya."

Sasa nisikilizeni. Kwa Kidholuo, *kor ot* ni ukuta, basi. Mtoto yeyote wa Kijaluo anajua. Lakini mimi sikuwa nimejifunza Kidholuo kwa mpangilio huo. Neno *kor* nililijua kutoka kwa Dani mwenyewe, kwa sababu tangu ashuke kwenye gari alikuwa akishika kifua na kusema *kora rama*, na Mama akaniambia maana yake ni kwamba kifua kinamuuma. Kor ni kifua. Ot ni nyumba, hilo hata kuku wetu alilijua. Na ng'ich ni baridi. Nikajumlisha kama nilivyofundishwa darasa la pili: kifua cha nyumba kina baridi. Nyumba yetu ilikuwa mgonjwa. Nilishuka moyo kabisa. Nilijiuliza ni nani aliyemwambukiza mwenzake.

Baba aliposhuka, Dani alimweleza kwa Kiswahili ili Mama naye asikie. Baba mdogo Ouma, kaka mdogo wa Baba, alikuwa akileta samaki Migori kila Jumamosi kwa pikapu. "Leo ni Jumatatu," akasema Dani. "Nitaenda sindano ya leo na ya Alhamisi. Jumamosi hii ukuta ikiwa bado hivi, mimi napanda gari na Ouma. Sindano zingine nitachomwa na Mungu."

Baba alikubali kwa kichwa tu, kisha akaenda kusimama uani peke yake.

Siku hiyohiyo nilifuatana na Dani kwenda kwa daktari. Daktari alimgeuza mgongo, akaweka vidole viwili, akavigonga kwa vidole vya mkono mwingine, tu, tu, tu, huku akisikiliza. Alipofika chini ya bega akasema, "Hapa kuna maji." Halafu akampa onyo lile ambalo Baba alilirudia nyumbani mpaka tukalikariri: mgonjwa akiacha dawa katikati, ugonjwa unarudi na nguvu kuliko mwanzo.

Jumanne Baba alimleta Fundi Ochola. Huyu alikuwa amekaa miaka mingi kwenye machimbo ya dhahabu ya Masara, na kwa hoja ya Baba, mtu aliyeishi ardhini ndiye anayejua kuta za ardhini. Baba alimchorea ubaoni. Huko Ulaya, alimweleza, watu wana vyumba chini ya nyumba, na kuta zake huvalishwa koti ili joto lisitoke. Kitu hicho kinaitwa insulesheni.

"Nimeshika," akasema Fundi Ochola. "Unataka nikuwekee insurensi."

"Insulesheni."

"Si ndiyo hiyo. Ni ya kuzuia hasara."

Akashuka chini nami nikamfuata. Na hapo, wenzangu, mbele ya macho yangu, Fundi Ochola akaweka vidole viwili ukutani na kuvigonga. Tu, tu, tu. Akabandika sikio. Akasogea, akagonga tena. Alipofika nyuma ya kitanda, karibu na sakafu, akakunja uso. "Hapa kuna maji," akasema.

Kama nilikuwa na shaka yoyote, iliisha hapo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Kama kuna maji, yatolewe kwanza," akasema. "Kwetu nyumba ya kukausha tumbaku haifungwi ikiwa mbichi. Unatoa maji, unakausha, ndiyo unafunga. Ukifunga kwanza, unaozesha kila kitu."

"Mama Boke," akasema Baba kwa upole wa mwalimu, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "tumbaku si binadamu."

Mama alimwangalia, akaangalia ukuta, akarudi jikoni. Alikuwa ameshasema mara yake moja.

Basi koti likaanza kushonwa. Kwanza nailoni nyeusi, iliyopigiliwa juu ya ukuta wote ili unyevu usionekane. Juu ya nailoni, vipande vya mbao vilivyosimamishwa. Katikati ya vipande hivyo, vumbi la mbao kutoka kwenye mashine ya kupasulia, lililoshindiliwa kwa gunia baada ya gunia. Na mwisho, ili kulizuia vumbi lisimwagike, trei za mayai. Zilitoka kwa Mzee Abdulrahman, muuza jumla aliyetoka Pwani, ambaye alimwuliza Baba mara tatu, kwa Kiswahili chake kinachoteleza, kama ana hakika hazitaki pamoja na mayai yake. Kwa aibu Baba alinunua na mayai pia. Tulikula mayai wiki nzima.

Kazi hiyo ingeisha siku moja kama Fundi Ochola angekuwa fundi mwingine. Lakini kila alipokwangua ukuta kupata mahali pa msumari, jiwe likimetameta kidogo alisimama, akalilamba, akaliweka mfukoni. Mchana nilimkuta uani ameketi juu ya karai letu la kufulia, akichekecha tope la ukuta wetu kwa maji, taratibu, akilizungusha. Baba alitoka kumkemea. Nusu saa baadaye wote wawili walikuwa wamechuchumaa juu ya karai, na Baba ndiye aliyekuwa akizungusha. Hawakupata kitu zaidi ya kizibo cha soda. Isitoshe, Ochola hakuweza kuvumilia chumba cha ardhini kisicho na nguzo, akasimamisha gogo katikati ya sakafu mpaka juu. Ikabidi kitanda kikae mshazari. Dani alitundika mkoba wake kwenye gogo hilo akasema hicho ndicho kitu pekee cha maana kilichofanyika tangu asubuhi.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Wote walikuwa wakimvalisha mgonjwa, na hakuna aliyempa dawa. Ulikuwa ukatili ambao sikuuelewa. Dani alikuwa na dawa mbili za kifua: kopo dogo la kupaka, lile linalochoma macho, na chupa kubwa ya dawa ya kikohozi, nyekundu, tamu kuliko soda. Nilifahamu kipimo chake, kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Lakini nyumba ni kubwa kuliko Dani, mtu yeyote angeliona hilo, kwa hiyo nilichukua upawa. Nyuma ya kitanda, pale penye maji, Ochola alikuwa ameacha trei moja bila kuipigilia vizuri. Niliibandua, nikalisukuma vumbi kando, nikapasua nailoni kwa msumari, nikapaka ukuta ile dawa ya kopo kwa kiganja, kuanzia juu kushuka chini kama Mama alivyompaka Dani. Kisha nikaumiminia ukuta dawa kwenye ufa wake. Niliuambia umeze. Ukameza. Nilifanya hivyo Jumanne jioni, Jumatano mara tatu na Alhamisi mara tatu. Chupa ilipokaribia kuisha niliijaza maji, na Dani akalalamika kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu.

Wakati huohuo koti la Baba lilikuwa likimsaliti. Alhamisi harufu ilianza. Maji yaliyofungiwa nyuma ya nailoni yalitafuta njia kwenye matundu ya misumari, yakaingia kwenye vumbi la mbao, vumbi likavimba, na trei za mayai zikaanza kulegea moja moja na kuning'inia kama ndimi. Baba aliingia na kutoka akisema kwamba kila kitu kipya kinahitaji muda wa kutulia. Dani alikohoa zaidi. Aliposhuka kutoka kwenye sindano ya Alhamisi alikunja nguo zake, akazipanga kwenye mkoba. Baba aliona. Hakula jioni hiyo, na mayai yenyewe yalikuwa bado mengi.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Dani alijilaza kidogo. Sisi tulikuwa sebuleni. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mara tukasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, sauti ile iliyokuwa ikisikika kutoka ufuo mmoja wa Sori hadi mwingine.

"Nyar Kuria! Njoo uone vile nimehamishwa!"

Ndivyo Dani alivyomwita Mama: binti wa Wakuria. Alikuwa amesimama kwenye vidaraja, blanketi mkononi, akijipangusa. Sisimizi. Walikuwa kwenye taulo lake, kwenye sweta, kwenye kiatu. Tulishuka wote, pamoja na Ochola aliyekuwa amekuja kudai gogo lake litazamwe kama limeshika. Kutoka nyuma ya kitanda ulitoka mstari mweusi mpana kama mkono wangu, ukapanda mguu wa kitanda, ukapita juu ya mto, ukazunguka gogo na kurudi ukutani. Na chumba kizima kilinuka dawa ya kupaka.

Mama hakuuliza. Alisogeza kitanda, akashika ile trei iliyolegea, akaivuta, na vumbi la mbao bichi likamwagika miguuni pake puu. Nyuma yake palikuwa na nailoni iliyopasuliwa, ukuta mwekundu unaonata, kopo tupu, na upawa wa jikoni uliokuwa ukitafutwa tangu Jumanne.

Wote wanne waligeuka wakaniangalia.

Nililia kabla sijaulizwa. "Nilikuwa naitibu," nikasema. "Kifua chake kina maji. Fundi alisikia. Na Dani ndiye aliyesema."

"Mimi nilisema nini?" akauliza Dani.

"Ulisema kor ot ng'ich."

Ochola ndiye aliyeelewa wa kwanza, akatoka nje haraka akishika tumbo kwa kicheko. Kisha Baba akaanza kunielezea tofauti ya maana. Dani alinitazama, akautazama ukuta unaodondoka dawa yake, akaketi juu ya kitanda pamoja na sisimizi wote, akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mama akamshika mabega, alipopata pumzi akacheka tena. "Na akaipaka kifua!" akawa anasema. "Ilikuwa imevaa koti, akaivua, akaipaka kifua!"

Mama alikuwa ameshapoteza hamu na sisi. Alikuwa ameinama akiufuata ule mstari. "Sisimizi hawazaliwi kwa jiwe," akasema. "Kama wameingia, kuna njia." Akatoka, akazunguka nyumba kwenye manyunyu, nasi nyuma yake, mpaka chini ya dirisha la bafu. Hapo sisimizi walikuwa wakiingia ardhini kwa safu. Ochola alichimba kwa jembe mara tatu tu, akagonga paipu. Ilikuwa imevunjika katikati. Maji yote ya bafu letu, tangu nani ajue lini, hayakuwa yakienda kwenye shimo la maji taka. Yalikuwa yakienda nyuma ya kitanda cha Dani.

Mama alisimama wima, mikono kiunoni. "Baba Boke," akasema, "kila asubuhi ukioga, unamwogeshea mama yako ukuta."

Mwanamume wa kwetu aambiwe hivyo mbele ya mamake na fundi! Baba alikuwa mtu wa kuoga muda mrefu, tena kwa kuimba. Aliangalia paipu kama mtu aliyeletewa barua ya kufutwa kazi. Dani, kutoka kwenye kona ya nyumba, akamalizia: "Ndiyo maana nilikuwa nasikia baridi pamoja na nyimbo za kanisa."

Jioni hiyo paipu ilibadilishwa. Koti lilivuliwa lote, kuanzia trei mpaka nailoni, likarundikwa uani. Lilikuwa tayari uji. Mama aliacha mlango na kidirisha wazi, akawasha moto nje, akapitisha joto ndani kwa bomba la bati kama babake alivyofanya kwenye tumbaku. Alimwagiza Baba akoroge chokaa, na Baba akakoroga bila ramani. Mimi nilichapwa, lakini kidogo, na mchapaji alikuwa akicheka.

Ila ukuta haukauki kwa siku moja. Jumamosi asubuhi nilishuka na chai nikamkuta Dani amevaa nguo zake za safari. Mkoba ulikuwa magotini. Kuta zilikuwa uchi, zenye madoa, na ukigusa nyuma ya kitanda bado vidole vilitoka na maji. Alikuwa amesema Jumamosi, na wote tulijua kwamba Dani alikuwa hajawahi kurudisha neno.

"Njoo daktari," akaniambia. "Hebu pima mgonjwa wako."

Niliweka vidole viwili, nikagonga. Nilibandika sikio. Nilichukua kazi hiyo kwa uzito wote, sikujua kwamba nilikuwa nikichezewa. "Bado kuna maji," nikasema. "Lakini si kama juzi."

"Atapona?"

"Akimaliza dawa. Akiacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu kuliko mwanzo."

Sikuwa nikimlenga yeye, nawaapia. Nilikuwa nikiongea juu ya ukuta. Lakini Dani aliacha kutabasamu. Alinitazama muda mrefu, halafu akautazama mlango, ambako Baba alikuwa amesimama na karai la chokaa, hajalala, chokaa mpaka kwenye nyusi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nadhani wote wawili walikuwa wakimfikiria mzee yuleyule, wa sindano mbili.

Dani alikaa Migori mpaka mvua zikaisha na sindano nazo zikaisha. Alirudi Sori kwa miguu yake akauza omena miaka mingine mingi, na aliponitambulisha kwa wenzake alisema huyu ni daktari wa majumba. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile pikapu ya Baba mdogo Ouma ilipiga honi barabarani, na sote tukapanda vile vidaraja vya udongo pamoja naye, mkoba akiwa ameushika mwenyewe.

Baba mdogo aliteremka, akafungua mlango wa mbele, akafuta kiti kwa kofia yake. "Mama, ingia. Samaki wameisha mapema, leo tutafika kabla ya jua kali."

Dani hakuingia. "An gi jatuo ka," akasema. Nina mgonjwa hapa. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kidholuo mimi kuielewa yote bila msaada wa mtu.

"Mgonjwa?" Baba mdogo alishtuka, akatuangalia mmoja mmoja. "Nani?"

"Kor ot."

"Ukuta?"

"Ukuta. Siwezi kumwacha akiwa hivi. Nenda, utakuja kuniona Jumamosi nyingine."

Baba mdogo alimgeukia Baba, akingoja maelezo, maana katika ukoo wetu maelezo yalikuwa kazi ya Baba. Baba aliinamia karai lake la chokaa. Basi Baba mdogo akafunga mlango wa gari polepole, akaondoka huku akitutazama kwenye kioo, na nilijua kufikia jioni Sori nzima itakuwa imepata habari kwamba kichwa cha mama yao kimeguswa.

Dani alinipa mkoba. "Rudisha chini," akasema. "Na wewe, Mwalimu, chokaa inakauka."

Baba alijibu kwamba anakuja, kwanza anaenda kuangalia ile paipu kama bado inavuja. Aliweka karai chini akazunguka nyumba kwa haraka, kiganja usoni, na akakaa huko muda mrefu. Nilitaka kumfuata, Mama akanishika mkono. Paipu ilikuwa upande ule mwingine wa nyumba.